OILI YA GIABOKSI: TUSOME KWANZA, NDIPO TUMIMINE



Siku hizi magari madogo yamekuwa mengi katika vijiji vya mkoa wetu wa Songwe. Mkulima wa Mbozi akiuza kahawa yake vizuri, au mkulima wa Kamsamba akipata mpunga wa kutosha, anaweza kununua gari lililokwisha kutumika Japani. Gari hilo hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kisha linafuata barabara kuu ya TANZAM kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, hadi Mlowo, Vwawa na Tunduma. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 900.

Gari likifika kijijini, linakuwa msaada wa watu wengi. Usiku mama akishikwa na uchungu wa uzazi, ndilo linalompeleka hospitali. Mtoto akipandwa na homa kali, ni hilohilo. Siku ya soko linabeba maharage na abiria. Kwa hiyo gari likifa, anayepata hasara si mwenye gari peke yake. Kijiji kizima kinarudi nyuma.

Mengi ya magari haya hayana klachi. Watu huyaita gari za otomatiki. Giaboksi yake ni kitu cha ghali sana. Ikifa, mwenye gari anaweza kumaliza fedha za mavuno ya msimu mzima kwa kununua nyingine. Na mara nyingi kilichoiua ni kitu kidogo tu: oili ilipungua bila mtu kujua, au mtu alitia oili isiyo yake.

Leo tutajifunza namna ya kupima oili ya giaboksi na namna ya kuiongeza nyumbani. Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji macho, subira, na kusoma. Ndiyo, kusoma! Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kuiokoa giaboksi kwa kusoma herufi tatu au nne tu.

GIABOKSI INAFANYA KAZI GANI?

Injini ndiyo yenye nguvu. Magurudumu ndiyo yanayotembea. Giaboksi iko katikati. Inachukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu, kwa mwendo mdogo wakati wa kupanda mlima, na kwa mwendo mkubwa kwenye tambarare.

Katika gari la klachi, dereva mwenyewe anabadili gia kwa mkono na mguu. Katika gari la otomatiki, giaboksi inajibadilisha yenyewe. Giaboksi za namna hii si jambo la jana. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari mengi yenye giaboksi ya otomatiki mwaka 1939. Toka wakati ule hadi leo, kazi kubwa ndani yake inafanywa na oili.

Oili hiyo ina kazi nne.

Kwanza, inapeleka nguvu. Kati ya injini na giaboksi kuna mapanga mawili yanayotazamana, mfano wa feni mbili. Panga la kwanza linazungushwa na injini. Linaisukuma oili, na oili inalisukuma panga la pili. Gari linapoondoka, kinacholisukuma panga la pili ni hiyo oili iliyo katikati.

Pili, oili inabana sahani za ndani ili gia ishike.

Tatu, inalainisha vyuma visisagane.

Nne, inapoza. Inapita kwenye vibomba hadi kwenye rejeta, inapoa, kisha inarudi.

Mkulima anayelima kwa ng'ombe ataelewa upesi. Ng'ombe ni injini. Plau ni magurudumu. Oili ni ule mnyororo unaotoka kwenye nira hadi kwenye plau. Mnyororo ukikatika, ng'ombe watatembea lakini plau litabaki palepale. Ndivyo ilivyo kwa gari ambalo oili ya giaboksi imekwisha. Injini inanguruma, gari haliendi.

OILI HII HAILIWI

Hapa wengi wetu tunakosea. Tunadhani oili ya giaboksi inakwisha kama petroli. Si kweli. Petroli inachomwa ili gari liende. Hata oili ya injini huungua kidogo kidogo, hasa injini ikiwa imechoka. Lakini oili ya giaboksi haichomwi. Inazunguka humo ndani miaka na miaka.

Basi tukumbuke neno hili: oili ya giaboksi ikipungua, imevuja. Iko tundu mahali fulani. Kuongeza oili ni huduma ya kwanza, kama kumfunga mtu kitambaa kwenye jeraha. Baada ya hapo ni lazima kutafuta jeraha lenyewe na kulitibu.

DALILI ZA OILI KUPUNGUA

Gari halisemi, lakini linaonyesha. Dalili ni hizi:

1. Unaweka gia ya D, gari linakawia. Linakaa kidogo, ndipo linashtuka na kuondoka.

2. Unapanda mlima, injini inapiga kelele nyingi lakini mwendo hauongezeki. Mafundi husema gia inateleza.

3. Gia zikibadilika, gari linaruka kama limepigwa teke.

4. Asubuhi unaona matone chini ya gari.

Matone hayo yachunguze. Usiku tandaza kadibodi safi chini ya gari. Asubuhi tazama rangi. Maji meupe yasiyo na harufu ni ya kipoza hewa, hayo si kitu. Maji ya kijani au ya pinki, yasiyo na utelezi wa mafuta, mara nyingi ni ya rejeta. Oili nyeusi au ya kahawia iliyo mbele, upande wa injini, huenda ni ya injini. Oili nyekundu yenye utelezi mara nyingi ni ya giaboksi. Lakini ikizeeka nayo hugeuka kahawia, kwa hiyo tazama pia imedondoka kutoka wapi.

KWANZA TUSOME

Watu wengine husema, "Aa, oili ni oili tu!" Ndugu, maneno haya yameua giaboksi nyingi. Oili za giaboksi ziko aina nyingi, na kila giaboksi ina yake.

Mahali pa kwanza pa kusoma ni kitabu cha gari. Lakini magari yetu yametoka Japani, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Tufanyeje? Tusikate tamaa. Fungua boneti, tafuta stiki ya giaboksi. Stiki ni kile kijiti chembamba cha chuma cha kupimia oili. Katika magari mengi ya Toyota, aina ya oili imechongwa palepale juu ya stiki, kwa herufi hizihizi tulizojifunza darasani.

Utaona herufi ATF. Maana yake ni oili ya giaboksi ya otomatiki. Baada yake kuna herufi nyingine, na hizo ndizo muhimu zaidi. Kwa mfano:

- T-IV. Hii ni ya magari mengi ya Toyota. Herufi I na V zikiandikwa pamoja hivi ni namba 4 ya Kirumi. Kwa hiyo muuzaji akiita "ti foo", anasema hiyo hiyo.

- WS. Hii nayo ni ya Toyota, lakini ya magari yaliyokuja baadaye. WS na T-IV hazichanganywi.

- DEXRON. Hii hutumika katika magari mengi ya zamani.

- SP-III. Hii ni ya Mitsubishi. Hizo I tatu ni namba 3 ya Kirumi.

Pia utaweza kukutana na herufi CVT. Hapo simama! Giaboksi ya CVT inatumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Oili yake ni nyingine kabisa. Ukitia ATF ya kawaida katika CVT, unaweza kuiharibu kwa muda mfupi. Na usidanganywe na rangi. Oili mbili zinaweza kuwa nyekundu zote, na kumbe si ndugu.

Chukua karatasi na kalamu. Nakili herufi kama zilivyo, moja baada ya moja. Usibadili hata moja. Kisha nenda dukani na karatasi yako.

Tuseme mzee mmoja ameingia katika duka la spea Tunduma. Mazungumzo yatakuwa hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Naomba oili ya giaboksi."

"Gari gani, baba?"

"Toyota."

"Basi chukua hii. Hii kila mtu anatumia."

Mzee anatoa karatasi mfukoni. Anavaa miwani. Anasoma karatasi, kisha anasoma kopo, mbele na nyuma.

"Mwanangu, stiki ya gari yangu imeandikwa T-IV. Hapa kwenye kopo T-IV siioni."

"Ah, kweli baba. Ngoja nikushushie ile ya juu."

Kijana yule hakutaka kumdhulumu mzee. Yeye alichukua ile iliyokuwa karibu. Lakini kama mzee asingesoma, angebeba oili isiyo yake mpaka nyumbani, na hasara ingekuwa ya mzee.

Kopo moja huweza kuwa na orodha ndefu ya aina za oili nyuma yake. Soma orodha yote. Kama aina yako imo, sawa. Kama haimo, rudisha. Tena, angalia kifuniko. Kiwe hakijafunguliwa. Usinunue oili iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, hata kama bei ni nafuu. Haina jina, nawe hutajua umenunua nini.

VITU VYA KUANDAA

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza:

- Oili ya aina ile uliyonakili.
- Faneli yenye mrija mrefu mwembamba. Iwe safi.
- Kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Uchafu mdogo tu unaweza kuziba njia za oili ndani ya giaboksi.
- Mawe mawili makubwa ya kuzuia magurudumu.
- Kikombe au chupa ya kupimia robo lita. Usikirudishe jikoni tena.

JINSI YA KUPIMA

Njia tunayoieleza hapa ni ya magari ya Toyota yenye stiki, ambayo ni mengi kwetu. Magari mengine hupimwa tofauti. Kwa mfano, Honda nyingi hupimwa mara tu injini inapozimwa. Ukipima kwa injini inayozunguka, utapata jibu la uongo. Muulize fundi mara moja, andika katika daftari, na jambo limekwisha.

Hatua ya kwanza. Endesha gari kama nusu saa, oili ipate moto. Oili ya moto hutanuka, na kipimo chake ni tofauti na cha oili baridi. Lakini kama gari limetoka kupanda milima ya Ileje na mzigo, au limekaa katika foleni ndefu ya malori Tunduma, oili ina moto kupita kiasi. Zima injini, subiri kama nusu saa, ndipo uendelee. Na kama unaona oili imevuja sana, usiliendeshe gari hata kidogo. Pima kwa alama ya baridi tutakayoieleza.

Hatua ya pili. Weka gari mahali tambarare. Gari likiinama, oili inaenda upande mmoja.

Hatua ya tatu. Vuta breki ya mkono. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ondoa watoto, mbuzi na kuku. Kama umejifunga kitenge au shuka, au umevaa shati lenye mikono mipana, kaza nguo vizuri. Injini itakuwa inazunguka, na feni au mkanda ukishika nguo haviulizi jina.

Hatua ya nne. Washa injini. Kanyaga breki kwa nguvu. Sasa pitisha mkono wa gia pole pole kutoka P, uende R, N, D, hadi mwisho, halafu urudi P. Kila mahali kaa kidogo. Oili itaingia katika njia zote za giaboksi. Tukumbushane herufi hizo: P ni kuegesha, R ni kurudi nyuma, N ni gia huru, D ni kwenda mbele.

Hatua ya tano. Acha injini ikizunguka polepole, gia ikiwa P. Fungua boneti. Tafuta stiki ya giaboksi. Angalia sana: gari lina stiki mbili! Moja ni ya injini na nyingine ni ya giaboksi. Ile yenye herufi ATF ndiyo tunayoitaka. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mara nyingi iko chini, upande wa betri. Katika yale yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mara nyingi iko nyuma ya injini, karibu na kioo. Kama huna hakika, usimimine kitu.

Hatua ya sita. Chomoa stiki. Ipanguse kwa kitambaa. Irudishe mpaka mwisho. Ichomoe tena, sasa soma.

Juu ya stiki kuna maneno mawili. COOL maana yake ni baridi. HOT maana yake ni moto. Kila neno lina alama mbili, ya chini na ya juu. Oili yako ina moto, kwa hiyo tazama alama za HOT. Oili ikiwa kati ya alama mbili za HOT, inatosha. Usiongeze hata tone. Ikiwa chini ya alama ya chini, imepungua. Ikiwa upande mmoja wa stiki unaonyesha juu na upande wa pili chini, amini ule wa chini.

Usiishie hapo. Tazama rangi na unuse. Oili nzima ni safi, na nyingi ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia nzito na inanuka kuungua, sahani za ndani zimeanza kuungua. Ikiwa kama maziwa yaliyochanganyika na wekundu, maji ya rejeta yameingia. Katika hali hizo mbili kuongeza hakusaidii. Zima gari, mwite fundi.

JINSI YA KUONGEZA

Oili ya giaboksi inaingia kupitia tundu lilelile la stiki. Ndiyo maana tunahitaji faneli yenye mrija mwembamba.

1. Ingiza mrija wa faneli katika tundu la stiki.

2. Mimina robo lita tu, pole pole. Usimwagie oili kwenye bomba la moshi. Bomba lina moto mkali, na oili huweza kushika moto.

3. Subiri dakika mbili tatu, oili iteremke. Kuta za bomba la stiki zikiwa bado zina oili, stiki itakudanganya.

4. Kanyaga breki, pitisha gia tena kutoka P hadi mwisho na kurudi P.

5. Panguza stiki, pima tena.

6. Kama bado, ongeza robo lita nyingine, au nusu ya robo. Kisha pima.

Mtu mwenye haraka atasema, "Nimimine lita nzima niende zangu." La! Katika magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama nusu lita tu, au hata pungufu. Haba na haba hujaza kibaba, na giaboksi nayo tuijaze hivyo hivyo.

OILI IKIZIDI

Oili nyingi pia ni ugonjwa. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga hata inatoa povu, kama mtu anayekoroga sabuni. Povu lina hewa. Hewa haina nguvu ya kubana sahani, wala haipozi. Gia zinaanza kuteleza kama vile oili imepungua. Na ile iliyozidi itatafuta pa kutokea.

Ukizidisha, punguza. Zima injini. Ingiza mrija mwembamba safi katika tundu la stiki, uvute oili kwa bomba kubwa la sindano. Usivute kwa mdomo! Oili ikiingia kifuani ni hatari kubwa.

TUANDIKE KATIKA DAFTARI

Umemaliza kuongeza. Sasa chukua daftari na uandike. Kwa mfano:

Tarehe 5 Juni. Kilomita 148,200. Aina T-IV. Nimeongeza robo lita.

Tarehe 3 Julai. Kilomita 149,000. Aina T-IV. Nimeongeza robo lita.

Tarehe 12 Julai. Kilomita 149,300. Aina T-IV. Nimeongeza nusu lita.

Daftari hili linasema nini? Mwanzoni robo lita ilipotea katika kilomita 800. Baadaye nusu lita imepotea katika kilomita 300 tu. Tundu linapanuka! Asiyeandika atasema, "Naongeza kidogo kidogo kila mara." Aliyeandika ataona hatari inakuja, naye atalipeleka gari kwa fundi kabla halijamlaza njiani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwambie fundi aangalie mahali pa kawaida pa kuvujia. Kwanza, bakuli la chini ya giaboksi na gasketi yake. Pili, vibomba vinavyokwenda kwenye rejeta. Tatu, sili zilizo pale shafti za magurudumu zinapoingia. Sili moja au kipande cha bomba ni fedha kidogo ukilinganisha na giaboksi nzima.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Watoto. Oili nyekundu inafanana na sharubati. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda. Iache katika kopo lake, juu, mbali na watoto. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Akitapika, oili inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize zahanati mara moja, na uchukue kopo ili mganga asome.

Maji na mashamba. Oili chafu usiimwage mtoni, kisimani wala shambani. Ikusanye katika dumu lenye mfuniko, uipeleke gereji ambako oili chafu hukusanywa.

Kulala chini ya gari. Usiingie chini ya gari wakati injini inazunguka. Wala usiingie chini ya gari lililoinuliwa na jeki peke yake.

Kuvuta gari. Gari la otomatiki likizimika, tusilifunge kamba na kulivuta kutoka Mlowo mpaka Tunduma. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, pampu haifanyi kazi. Magurudumu yanazungusha vyuma vikavu visivyopata oili, vikasagana. Magurudumu yanayoendeshwa na injini ni lazima yainuliwe, au gari zima lipandishwe juu ya gari jingine. Pia kulisukuma gari la otomatiki ili liwake ni kujichosha bure.

KAZI ISIYO YETU

Yapo magari ambayo giaboksi yake haina stiki. Kiwanda kiliifunga. Oili yake hupimwa kutoka chini kwa kufungua nati maalumu, gari likiwa limenyooka juu, na joto la oili likipimwa kwa kifaa. Kazi hiyo si ya nyumbani. Mwachie fundi aliyejifunza.

Na magari ya klachi je? Pikapu na malori mengi yana oili nzito ya gia, yenye namba kama 90 au 75W-90. Huingizwa kwa tundu la ubavuni mwa giaboksi. Oili hiyo nzito usiitie kamwe katika giaboksi ya otomatiki. Hata hapa sheria ni ileile: soma kwanza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Giaboksi: sanduku la gia, lililo kati ya injini na magurudumu.
Stiki: kijiti cha chuma cha kupimia oili.
ATF: oili ya giaboksi ya otomatiki.
CVT: giaboksi ya mkanda wa chuma, ina oili yake peke yake.
HOT: moto.
COOL: baridi.
Sili: mpira wa kuzuia oili isivuje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunasema oili ya giaboksi ikipungua, imevuja?

2. Jirani yako anataka kutia oili ya T-IV katika giaboksi iliyoandikwa WS. Utamwambia nini?

3. Kwa nini tunamimina robo lita na siyo lita nzima?

4. Nendeni pamoja kwenye gari moja la kijijini kwenu. Mwombeni mwenye gari, injini ikiwa imezimwa na imepoa, achomoe stiki ya giaboksi. Kila mmoja asome herufi zilizochongwa na azinakili katika daftari lake. Je, mmeandika sawa wote?